Kosa lilihesabiwa kwa nani? Kuwasoma upya wanawake wa visasili vya Ugiriki

Oktoba 2020, kwenye bustani ndogo inayotazamana na mahakama huko Manhattan, New York, ilisimamishwa sanamu ya mwanamke aliye uchi, nyoka badala ya nywele, upanga mkono mmoja na kichwa cha mwanamume mkono wa pili. Mwanamke huyo ni Medusa. Kichwa ni cha Perseus, shujaa ambaye katika hadithi iliyozoeleka ndiye aliyemkata Medusa shingo. Mchongaji, Luciano Garbati, aliipindua. Picha ya sanamu hiyo imezunguka sana mitandaoni, na mara nyingi maelezo yake ni yaleyale: Medusa alikuwa msichana mrembo, Poseidon, mungu wa bahari, akambaka ndani ya hekalu la Athena, mungu wa kike wa hekima na vita, na Athena akamwacha mbakaji akamwadhibu aliyebakwa. Kisha huja hitimisho: hivyo ndivyo Wagiriki wa kale walivyowatendea wanawake.

Hitimisho hilo lina ukweli mwingi. Kasoro iko kwenye ushahidi, kwa sababu hadithi hiyo, kama inavyosimuliwa hapo, haitoki kwa Wagiriki wa kale. Aliyetuachia ni Ovid, mshairi wa Roma aliyeandika kwa Kilatini yapata mwaka 8 BK. Hesiodo, Mgiriki aliyemtangulia kwa miaka kama 700, anasema tu kwamba Poseidon alilala na Medusa kwenye malisho laini, kati ya maua. Hakuna hekalu, hakuna adhabu, wala hakuna msichana aliyegeuzwa. Medusa wa Hesiodo amezaliwa hivyohivyo, mmoja wa madada watatu wa kutisha, na tofauti yake na wenzake ni kwamba yeye anaweza kufa.

Basi tuanze na maneno. Kisasili ni hadithi ya kale inayoeleza asili ya ulimwengu, miungu, desturi na mashujaa wa jamii fulani. Wagiriki waliliita jambo hilo muthos, neno ambalo mwanzoni lilimaanisha kauli tu, maneno yanayotamkwa na mtu mwenye haki ya kusikilizwa. Tulishike neno hilo, tutakutana nalo tena mbele. La pili, Wagiriki hawakuwa na msahafu. Hadithi moja ilisimuliwa hivi mji huu na vile mji ule, kama habari za Fumo Liyongo zinavyobadilika kadiri msimulizi anavyobadilika, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema hii ndiyo sahihi. La tatu, Ugiriki haikuwa nchi moja. Ilikuwa mamia ya miji iliyojitawala, kila mmoja na sheria zake, na sehemu kubwa ya tunayoyajua yametoka Athens pekee.

Kwa hiyo anayeuliza kisasili kilimtendeaje mwanamke hana budi kuuliza kwanza: toleo la nani, la lini, na ndani yake nani anazungumza. Kwa Ovid swali hilo la mwisho linazaa jibu zito. Habari za kubakwa kwa Medusa hazisemwi na mshairi kwa kauli yake. Anazisema Perseus, karamuni, akimjibu mgeni aliyetaka kujua kwa nini Medusa alikuwa na nyoka kichwani. Kwa maneno mengine, yote tunayoyasikia kuhusu mateso ya mwanamke huyo tunayasikia kutoka kinywani mwa aliyemuua, naye anaongeza kwamba Athena alifanya vile ili jambo hilo lisipite bila adhabu.

Wagiriki wa mwanzo walimtumia Medusa kwa kazi nyingine kabisa. Kwenye hekalu la Artemis kisiwani Corfu, lililojengwa yapata mwaka 580 KK, amechongwa juu, chini ya paa, macho yametumbuliwa, ulimi nje, nyoka wawili wamefungana kiunoni kama mshipi. Kwenye vyungu vya zama hizo wakati mwingine ana hata ndevu. Uso ule ulikuwa kinga, zindiko la kufukuza shari, na ndiyo maana ulichorwa pia kwenye ngao. Msichana mrembo aliyeonewa alikuja baadaye, karne kwa karne.

Pandora hakuwa na sanduku

Msemo wa kufungua "sanduku la Pandora" umeshaingia hata kwenye magazeti yetu, na mwaka 2021 jina hilo lilisikika zaidi pale nyaraka za siri za fedha zilipovuja zikapewa jina lake. Katika kisasili Pandora ni mwanamke wa kwanza, aliyefungua chombo na balaa zote zikatoka. Lakini Hesiodo hakuandika sanduku. Aliandika pithos, yaani kasiki, chombo kikubwa cha udongo cha kuhifadhia nafaka, mafuta au divai, ambacho kingeweza kufikia kimo cha mtu na mara nyingi kilifukiwa nusu ardhini. Sanduku lilizaliwa karne ya 16, msomi Erasmus alipotumia kwa Kilatini neno la kikopo kidogo chenye kifuniko.

Kosa hilo la tafsiri lilibadilisha maana. Kikopo ni kitu cha siri, cha mtu binafsi, kinachokaa chumbani. Anayekifungua anaonekana mdaku. Kasiki ni ghala la nyumba nzima. Hesiodo alikuwa mkulima wa Askra, kijiji cha jimbo la Boeotia anachokilalamikia kwa baridi ya kipupwe na joto la kiangazi, na shairi lake lote limejaa hofu ya chakula kuisha kabla ya mavuno. Mtu wa namna hiyo akisema mwanamke alinyanyua kifuniko cha kasiki, kila mkulima aliyemsikiliza alijua uzito wake: huyo ndiye anayeshika akiba ya mwaka.

Yapo mengine mawili ambayo watu huyaongeza. Kwanza, Hesiodo hasemi popote kwamba Pandora alikatazwa kufungua. Aliyekatazwa ni mwanamume, Epimetheus, ambaye kaka yake, Prometheus, alimwonya asipokee zawadi yoyote ya Zeus, mfalme wa miungu, naye akampokea Pandora. Pili, hataji udadisi. Pandora anafungua, basi. Ule "udadisi wa kike" tuliozoea kuhubiriwa umepachikwa na wasimulizi wa baadaye.

Hapa pia tusimsafishe Hesiodo kupita kiasi. Kwake Pandora ni adhabu. Prometheus ameiba moto akawapa binadamu, Zeus anaagiza mwanamke atengenezwe kwa udongo na maji ili awe mtego: Athena anamfunza kufuma, Aphrodite anampa mvuto, na Hermes anamtia, kwa maneno ya mshairi, akili ya mbwa na tabia ya wizi. Katika shairi lake jingine Hesiodo anawafananisha wanawake wote na nyuki dume wanaokaa mzingani na kujaza matumbo kwa jasho la wengine. Maneno hayo ni dhuluma ya wazi. Nguo aliyoivaa Hesiodo akiyatunga, uzi wake ulisokotwa na kufumwa na mwanamke, kama nguo karibu zote za nyumba za Kigiriki.

Na hata Pandora alikuwa na sura nyingine. British Museum ina kikombe cha Athens cha karne ya 5 KK kinachomwonyesha akipambwa na miungu, na jina lililoandikwa kando yake ni Anesidora, "anayetoa zawadi kutoka chini". Hilo ni jina linalomfaa mungu wa ardhi, mtoa mazao. Inaelekea kabla ya kuwa chanzo cha balaa, alikuwa chanzo cha riziki.

Msimamizi, ndoa na binti aliyenyakuliwa

Ili kuelewa kwa nini visasili vimejaa mabinti wanaonyakuliwa, tazama kwanza ndoa ya Athens ilivyoendeshwa. Kila mwanamke alikuwa na msimamizi wake wa kiume, aliyeitwa kyrios: baba, akifa kaka au ami, akiolewa mume, na akiwa mjane anaweza kuwa mwanawe. Kwetu anayemkaribia ni walii wa ndoa, ila madaraka ya kyrios hayakuishia siku ya harusi. Ndiye aliyemsemea mwanamke mahakamani, na ndiye aliyeshughulikia mali. Sheria ilimzuia mwanamke kuingia peke yake katika mapatano yanayozidi thamani ya medimnos moja ya shayiri, kama lita 52, yaani madebe mawili na nusu.

Ndoa yenyewe yalikuwa mapatano ya wanaume wawili. Katika tamthilia za Menander tunayasikia maneno yenyewe: baba anamwambia bwana harusi kwamba anampa binti huyu "kwa ajili ya kulima watoto halali". Binti ni shamba. Mara nyingi alikuwa na miaka 14 au 15, na mume alikaribia 30. Mali nayo ilikwenda kinyume na mahari tuliyoizoea: baba wa binti ndiye aliyetoa, na mume alipokea pamoja na mke. Ndoa ikivunjika, mume alipaswa kuirudisha mali hiyo, na akichelewa ililipiwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa kinga ya kweli kwa mke, maana ilimfanya mume afikiri mara mbili kabla ya kumfukuza. Lakini fedha haikupita mikononi mwake.

Sasa soma Utenzi wa Demeter, shairi la kale linaloeleza jinsi Persephone, binti wa Demeter, mungu wa mazao, alivyochukuliwa. Yuko kondeni na wenzake wanachuma waridi, urujuani na maua mengine. Anaona ua moja la ajabu, shina moja lenye vichwa mia, ambalo ardhi imelichipusha makusudi kwa amri ya Zeus. Ananyoosha mikono yote miwili. Ardhi inapasuka, Hades, mungu wa kuzimu, anatoka na gari la dhahabu, anamnyakua. Binti anapiga ukelele akimwita baba yake, Zeus. Baba yuko mbali, ameketi hekaluni anapokea sadaka. Naye baba ndiye aliyemtoa: amemwoza kwa Hades, kaka yake yeye Zeus, bila kumwambia binti wala mama.

Kwa jicho la sheria, hakuna kosa lililotendeka. Kyrios ameridhia. Ndivyo Jua anavyomwambia Demeter anapouliza: usilie, Hades si mkwe wa kudharaulika, ni ndugu yako wa damu. Nguvu ya utenzi huu ni kwamba haukubali kuishia hapo. Unamfuata mama. Siku tisa anazunguka na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi. Kisha anazuia mbegu zisiote hadi binadamu wanakaribia kufa kwa njaa na miungu kukosa sadaka. Zeus anatuma wajumbe mmoja baada ya mwingine na zawadi. Demeter anazikataa zote mpaka amwone mwanawe. Mwisho Zeus analazimika kukubali: thuluthi ya mwaka Persephone atakaa chini kwa mumewe, thuluthi mbili juu kwa mama.

Matoleo mengi ya siku hizi yanasema Persephone alimpenda Hades na akala kwa hiari kokwa ya komamanga, ile iliyomfunga arudi kuzimu. Kila zama ina haki ya kutunga upya, lakini asisingiziwe mshairi wa kale. Katika utenzi, msimulizi anasema Hades alimpa kokwa kwa siri. Persephone anapomweleza mama yake anaongeza neno ambalo msimulizi hakulisema: alinilazimisha, kwa nguvu, nami sikutaka. Maelezo mawili ya tukio moja yamewekwa kwenye shairi moja, na ya binti yana uchungu zaidi.

Upande wa adhabu, ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Gortyn, kisiwani Krete, ambako sheria za yapata mwaka 450 KK zilichongwa ukutani na bado zinasomeka. Anayembaka mtu huru, mwanamume au mwanamke, atalipa stateri 100. Anayemlazimisha mtumwa wa nyumbani aliye bikira atalipa stateri 2. Mtumwa huyo akiwa si bikira tena, faini ni oboli 1 kama ilikuwa mchana na oboli 2 kama ilikuwa usiku. Stateri moja ilikuwa oboli 12. Piga hesabu: oboli 1,200 kwa mmoja, oboli moja kwa mwingine, kwa tendo lilelile. Kilichopimwa hapo ni heshima ya nyumba anayotoka mtu.

Athens nako, katika hotuba iliyoandikwa na Lysias, mume aliyemuua mgoni wa mkewe alidai kwamba mtongozaji ni mbaya kuliko mbakaji, kwa sababu anaiharibu roho ya mke na kufanya watoto wasijulikane ni wa nani. Alikuwa akijitetea, kwa hiyo tusimsome kama kitabu cha sheria. Mbakaji naye angeweza kushtakiwa kwa kosa la kumdhalilisha mtu, ambalo adhabu yake ingefika kifo. Ila hoja hiyo aliitoa mbele ya jopo la wanaume wa kawaida akitegemea wataikubali.

Visasili vinahesabu vivyo hivyo. Mji wa Troya ulipoanguka mikononi mwa Wagiriki, Kassandra, binti wa mfalme wake, alikimbilia sanamu ya Athena akaikumbatia. Ayas, mwana wa Oileus, shujaa wa Kigiriki, akamkokota kutoka hapo. Athena alighadhibika akaangamiza merikebu nyingi za Wagiriki njiani kurudi. Ukitazama alichokasirikia, ni patakatifu pake kunajisiwa. Kassandra mwenyewe aligawiwa Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, kama nyara, na hakuna mungu aliyenyanyua mkono.

Walikuwa na miungu wa kike, kwa hiyo waliwaheshimu wanawake?

Hoja hii husikika sana, nayo haisimami. Hera, malkia wa miungu, huonekana katili kwa kuwatesa wanawake ambao mumewe ndiye aliyewafuata: Io aliyegeuzwa ng'ombe na kusumbuliwa na nzi aumaye, Leto aliyenyimwa mahali pa kujifungulia. Anayejua ukewenza usio na haki ataelewa kwa nini hasira inamwangukia aliye chini. Huko juu alishajaribu. Katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, Zeus anamkumbusha Hera siku aliyomning'iniza angani, mikono imefungwa mnyororo wa dhahabu na vyuma viwili vya mhunzi vimefungwa miguuni.

Athena naye ana nguvu kwa sababu hana mama: Zeus alimmeza mkewe Metis akiwa mjamzito, Athena akatoka kichwani mwa baba. Mwaka 458 KK Aeschylus, mtunzi wa tamthilia, alilitumia hilo jukwaani. Orestes ameshtakiwa kwa kumuua mama yake, na mungu Apollo anamtetea kwa kusema mama si mzazi, ni mlezi tu wa mbegu iliyopandwa na baba. Shahidi wangu, anasema Apollo, ni Athena aliyesimama hapa, asiye na mama. Athena anapiga kura ya kumwachia Orestes.

Kinyume chake, mahali ambapo wanawake wa damu na nyama walikuwa na nguvu, hazikutokana na visasili. Gortyn binti alirithi nusu ya fungu la kaka yake. Sparta, kwa hesabu ya Aristotle ambaye hakulipenda jambo hilo, karibu sehemu mbili kati ya tano za ardhi zilikuwa mikononi mwa wanawake. Athens kwenyewe kuhani mkuu wa Athena alikuwa mwanamke, na wanawake walishiriki katika ibada nyingi kubwa za mji.

Sauti zao tunazisikia kwa shida. Sappho wa Lesbos, yapata mwaka 600 KK, ni miongoni mwa wachache mno waliotuachia maneno yao wenyewe. Katika kipande kimoja kilichosalia anamtaja Helena aliyemwacha mume bora akapanda merikebu kwenda Troya, wala hamlaumu. Anamtoa kuwa mfano kwamba kitu kizuri kuliko vyote ni kile mtu anachokipenda. Medea wa Euripides, mke aliyeachwa anayewaua watoto wake, mwaka 431 KK, alitungwa na mwanamume na kuchezwa na mwanamume aliyevaa barakoa, lakini anasema mbele ya mji mzima kwamba mwanamke hununua mume kwa mali nyingi na kupata bwana wa mwili wake, na kwamba ni heri asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Katika mashindano ya mwaka huo tamthilia za Euripides zilishika nafasi ya tatu kati ya tatu. Na inafaa kujua kwamba yapo masimulizi ya kale ambamo watoto wa Medea wanauawa na watu wa Korintho, si na mama yao.

Tuligusie tena lile neno muthos. Mwanzoni mwa Odyssey, utenzi wa kurudi kwa Odysseus kutoka vita vya Troya, mkewe Penelope anashuka ukumbini kumsihi mwimbaji aache wimbo wa safari ya kurudi kutoka Troya, maana unamuumiza. Telemachus, mwanawe, kijana ambaye bado hajakomaa, anamwambia arudi chumbani kwenye kitanda chake cha kufumia. Muthos, anasema, ni shughuli ya wanaume. Penelope anarudi juu.

Wako wanawake wengine katika nyumba hiyo ambao hawana hata chumba cha kurudi. Ni watumwa, 50 kwa hesabu ya yaya mzee, na 12 kati yao walilala na wachumba, wanaume waliovamia nyumba wakitaka kumwoa Penelope. Kitabu cha 20 kinawaonyesha wakitoka usiku wakicheka. Lakini katika kitabu cha 22 Odysseus anapowasomea wachumba makosa yao, mojawapo ni hili: mliwalala watumwa wangu wa kike kwa nguvu. Amelisema mwenyewe. Akimaliza kuwaua, anaamuru wale 12 wabebe maiti, wafute damu kwenye meza na viti kwa sponji, kisha wauawe kwa upanga. Telemachus anaona upanga ni kifo cha heshima mno. Anachukua kamba ya merikebu, anaifunga kwenye nguzo ya ua, anaivuta juu ili mguu wa yeyote usiguse chini, na vichwa vinapangwa mstari mmoja, kila shingo na kitanzi chake, kama njiwa walionaswa kichakani wakitafuta pa kulala. Miguu yao ilitapatapa kidogo, anasema mshairi, lakini si kwa muda mrefu.